Mtungi wa Maji na Viungo Vilivyokunjamana: Funzo la Newala na Masasi

Lugha ya Kimakonde imeupa ulimwengu wa tiba neno moja ambalo leo hutamkwa kuanzia Mombasa hadi Brazili: chikungunya. Asili yake ni kitenzi chenye maana ya kukunjamana, nalo linamweleza mgonjwa ambaye maumivu ya viungo yamemzuia kunyooka. Aghalabu tunapolitaja neno hili tunazungumzia virusi na mbu, tukalisahau swali lililozaliwa pamoja nalo: kwa nini maradhi yale yaliwapata watu wale, mahali pale?

Wahenga wetu waliyaita maumivu ya viungo baridi yabisi, yaani baridi kavu. Jina hilo limebeba dhana kwamba mazingira anamoishi mtu huingia mwilini mwake na kukaa katika maungio ya mifupa. Dhana hiyo si ya kubezwa. Linalotakiwa ni kuuliza mazingira hayo yalifanywa na nani.

Uwanda wa juu wa Makonde una udongo wa kichanga usiozuia maji. Mvua hunyesha, ikazama, na chemchemi hutokeza mbali, chini ya miteremko, katika mabonde. Hata hivyo watu walikaa juu. Katika karne ya 19 uvamizi wa Wangoni na biashara ya watumwa iliyoelekea pwani viliufanya mwinuko ule na vichaka vyake vizito kuwa ngome. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya uhaba wa maji aliouona huko. Usalama ulikuwa na bei yake, na walioilipa kila siku ni wanawake waliopanda mlima na maji kichwani.

Maji yaliyopatikana kwa taabu hayamwagwi. Huwekwa mtungini, yakatumiwa kidogo kidogo, na mtungi hujazwa tena kabla haujakauka. Hapo ndipo mbu aina ya Aedes aegypti alipopata makao. Mbu huyu hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, na akishakomaa huuma mchana, watu wakiwa katika shughuli zao. Hahitaji kinamasi wala mto. Ndiyo maana uwanda usio na maji ukawa na mbu ndani ya nyumba.

Mlipuko ulitokea mwaka 1952 na kuendelea hadi 1953, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili zake: homa ya ghafla, vipele, na maumivu makali ya viungo. Mwaka huohuo W. H. R. Lumsden alieleza namna ugonjwa ulivyoenea, akaonyesha uhusiano wake na maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mwaka 1956 R. W. Ross akatoa taarifa ya kirusi chenyewe, kilichotengwa kutoka katika damu ya mgonjwa. Sayansi ilikuwa imetimiza sehemu yake: mtungi ulikuwa umetajwa.

Funzo hilo lilirudi mwaka 2004 huko Lamu. Chikungunya ilizuka wakati wa ukame na joto lisilo la kawaida, hali ambayo watafiti waliihusisha na kuhifadhi maji majumbani bila kuyabadilisha mara kwa mara. Upimaji wa damu ulionyesha kwamba takribani asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu maradhi yalivuka hadi Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu wa kisiwa kile waliugua. Huko madaktari walifuatilia wagonjwa ambao maumivu hayakuisha, na mwaka 2009 wakaripoti wagonjwa 21 waliopata baridi yabisi ya kudumu, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwenyewe, baada ya homa ya chikungunya. Haina maana kwamba kila aumwaye viungo aliumwa na mbu. Ina maana kwamba homa ya siku chache yaweza kumwachia mtu kilema cha miaka.

Je, sisi tunawahesabu wagonjwa wa namna hiyo? Utafiti uliofanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 ulihusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Miongoni mwa waliopimwa chikungunya, karibu asilimia 8 walikutwa nayo. Mkulima wa korosho ambaye vidole vyake vimekakamaa huambiwa ni uzee, na daftari la zahanati halina mstari wa kumwandika.

Serikali ya kikoloni ilianza kupandisha maji ya bomba uwandani katika miaka ya 1950. Baada ya Uhuru, Ufini ilifadhili miradi ya maji vijijini Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970 na 1980. Lakini pampu huhitaji nishati na vipuri, na siku inaposimama, ndoo na mapipa hurudi ndani ya nyumba, na mbu hurudi nayo.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, na ninyi watumishi wa umma msomao hapa, tupime upya mgawanyo wa kazi tuliouzoea. Kumwambia mama wa Newala afunike mtungi wake ni ushauri sahihi, tena wa haraka. Lakini ushauri huo ukibaki peke yake unamtwisha yeye mzigo ambao historia na serikali zilizopita zilishamtwisha tayari. Fedha ya kukarabati pampu iliyo katika kasma ya maji ni fedha ya afya pia, na mganga mkuu wa wilaya anastahili kuwa na sauti inapojadiliwa.