Tumbo na Mawazo: Historia Yatwambiaje?

Mtu akiugua vidonda vya tumbo, utasikia akiambiwa, "Wacha mawazo, utapona." Je, ni kweli? Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1822, huko Mackinac, Marekani, kijana Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari wa jeshi, William Beaumont, akawa anachungulia ndani. Katika kitabu chake cha 1833 alieleza kuwa hofu na hasira huharibu utoaji wa maji yanayosaga chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Walter Cannon wa Harvard alitazama matumbo ya paka kwa eksirei. Paka akiingiwa na wasiwasi, tumbo husimama!

Basi watu wakaona hata vidonda vyaletwa na mawazo. Lakini mwaka 1982, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifaulu kukuza maabarani bakteria wa tumboni, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo twajua vidonda vingi huletwa na bakteria huyo, au na baadhi ya dawa za maumivu.

Kwa hivyo, futuru kwa utulivu. Ugomvi usiufikishe mkekani. Lakini mwenye vidonda usimlaumu kwa mawazo yake. Mpeleke akapimwe, na amuulize daktari kuhusu kufunga. Bakteria hutibika kwa dawa.