Simu Ilivyoandikisha Watoto

Ukitaja historia ya simu hapa kwetu Bariadi, wengi hukimbilia habari za kutumiana pesa. Mimi nataka tuongelee jambo jingine: jinsi simu ilivyokuja kuandikisha watoto.

Sheria ya kuandikisha vizazi nchini ni ya tangu 1920, enzi za Mwingereza. Lakini sheria kitu kimoja, safari kitu kingine. Mama akijifungua alipewa tangazo la kizazi tu. Cheti chenyewe akifuate ofisi ya wilaya, tena akilipie. Sasa mtu wa Nkololo au Dutwa aache palizi ya pamba, apande gari mpaka mjini kwa ajili ya karatasi? Wengi waliona yote ya nini. Sensa ya 2012, mwaka uleule Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa, ilikuta Tanzania Bara watu 13 hivi tu katika kila 100 wana cheti.

Mwaka 2013 RITA, ikisaidiwa na UNICEF na kampuni ya simu ya Tigo, ilianza mpango mpya mkoani Mbeya kwa watoto wa chini ya miaka 5. Baadaye mpango ukaenea mikoa mingine, Simiyu ikiwemo. Msajili aliketi kwenye zahanati au ofisi ya kata, akaandika cheti kwa kalamu, mzazi akaondoka nacho papo hapo, bure. Kisha msajili akajaza habari zilezile katika programu ya simu, nayo ikazituma kama ujumbe mfupi hadi kompyuta kuu ya RITA. Ujumbe mfupi, jamani, uleule wa kusalimiana! Walioubuni mpango huu hawakungoja vijiji vipate kompyuta. Waliiunganisha kompyuta na njia ambayo wanakijiji walikuwa nayo tayari.

Na faida yake si ndogo. Kijana anayeomba mkopo wa chuo kikuu hudaiwa cheti kilichohakikiwa na RITA. Asiye nacho anaanza kuhangaika siku ambayo wenzake wanafunga mizigo.

Lakini nina neno kwetu sisi tunaojifunza kuandika. Simu hubeba kile tu ilichoandikiwa. Kisukuma kina sauti ambayo wageni huiona ngumu: mji ambao wengine huuita Mwanza, wazee wetu huuita Ng'wanza. Vivyo hivyo kuna Ng'wandu, na kuna Mwandu. Msajili asiposikiliza vizuri, watoto wawili wa baba mmoja wataingia kwenye kompyuta kama watu wasiojuana, na ujumbe utafika salama salimini na kosa lake. Kulisahihisha baadaye ni safari nyingine ya ofisini.

Basi, safari ya mama imefupishwa, na tushukuru. Kusikiliza jina la mtu na kuliandika sawasawa bado ni kazi ya mwenye kalamu.