Nani Azimaye Taa?

Ndugu msomaji, kabla hujamlaumu mtoto anayesinzia chuoni asubuhi, hebu turudi nyuma kidogo, tuitazame historia ya usiku majumbani mwetu.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari, kwa Abu Barza (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Na katika hadithi ya Jabir (R.A.) tumeamrishwa kuwazuia watoto wetu ndani giza linapoingia, na kuzima taa. Wanavyuoni wameyavua mazungumzo yenye faida, kama kudurusu elimu na kumkirimu mgeni. Kilichochukiwa ni upuuzi umpotezeao mtu Alfajiri yake.

Wazee wetu wa pwani hawakuona taabu kuyashika hayo, kwa kuwa taa yenyewe iliwasaidia. Mafuta ya taa yalikuwa ya kununua, na aliyeizima kandili alikuwa mama au bibi, akishamaliza hadithi yake. Ikaja redio, ikawekwa ukumbini. Mwaka 1973 Unguja ikapata televisheni, nayo ya rangi. Watu wakaitazama kwa pamoja, na mwenye nyumba ndiye aliyeifunga. Kila chombo kilichoingia usiku kilikuwa na mkubwa wa kukizima.

Simu ya mkononi ni kitu chengine. Hii huingia na mtoto ndani ya chandarua, mlango umefungwa, na hapana ajuaye imezimwa saa ngapi.

Madhara yake yamejulikana. Mwanga wake, hasa ule wa buluu, huichelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Na michezo na picha huishughulisha akili. Mwaka 2016 wataalamu wa usingizi wa Marekani walieleza kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Basi piga hesabu: mtoto aamkaye saa 11 alfajiri kuswali, akitaka kupata saa 9 usiku, hana budi awe amelala saa 2, yaani mara baada ya Isha. Desturi ya bibi na hesabu ya daktari zimekutana pahala pamoja.

Lakini, ewe mzazi mwenzangu, bibi alipoizima kandili, naye alilala gizani. Sisi twamwambia mtoto, "Lala!", na nyuso zetu zang'ara kwa simu. Atatusikiaje?

Basi baada ya Isha, simu zote za nyumba, ya baba ikiwa ya mwanzo, na ziwekwe pahala pamoja ukumbini hadi Alfajiri. Wa kuamshwa aamshwe kwa saa ya kengele, au kwa sauti ya mama. Sote ni wachunga, na tutaulizwa. Mola ametujaalia usiku kuwa vazi. Tusimvue mtoto vazi hilo kwa mikono yetu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.