Kigeuzi: Historia ya Mtambo na Jina Lake

Mtafsiri mmoja alituletea mwongozo wa mitambo ya umeme ili tuupitie. Humo neno "kibadilishaji" lilitumika kwa transfoma, na pia kwa mtambo ugeuzao mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Onyo la kwamba fundi angoje chaji iishe katika kapasita kabla ya kuugusa mtambo likawa halijulikani lahusu mtambo upi. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa. Kwa hiyo kosa la jina laweza kugharimu maisha ya mtu. Katika makala haya tunakusudia kutazama historia ya mtambo huo wa pili, ili tuone yatufundisha nini juu ya kuupa jina.

Yafaa kwanza tutenganishe kazi. Transfoma huongeza au hupunguza volteji ya mkondo geu. Aina ya mkondo haibadiliki. Mtambo wetu hugeuza aina yenyewe. Haja yake ilitokana na umbali, hasa chini ya bahari, ambako sehemu kubwa ya mkondo geu huishia kuijaza kebo chaji na kuiondoa. Mkondo mnyoofu hauna taabu hiyo.

Mhandisi Uno Lamm wa Sweden alishughulikia vali za zebaki kwa miaka mingi, na mwaka 1954 kisiwa cha Gotland kikaunganishwa na bara kwa kebo iliyochukua megawati 20 kwa kilovolti 100. Vali hizo zilipitisha mkondo upande mmoja tu, kupitia mvuke wa zebaki. Mwaka 1970 vali za thairista, zitengenezwazo kwa silikoni, ziliongezwa huko huko Gotland. Na mwaka 1972 kituo cha Eel River, Kanada, kikaanza kazi kwa thairista tupu. Mwaka 1997, kati ya Hellsjön na Grängesberg nchini Sweden, vikajaribiwa vigeuzi vya transista, ambavyo vali zake huwashwa na kuzimwa kwa amri.

Afrika haikubaki nyuma. Umeme wa Cahora Bassa husafirishwa kiasi cha kilomita 1,420 kutoka Songo, Msumbiji, hadi kituo cha Apollo, Afrika Kusini. Mwaka 1982 njia ya Inga ilifika Kolwezi, katika eneo la machimbo ya shaba ambako Kiswahili husemwa kila siku. Tangu mwaka 2022 kituo cha Suswa, Kenya, hupokea umeme wa Ethiopia kwa njia hiyo hiyo. Basi jina hili si la vitabuni tu; lina wenyewe wa kulitumia.

Historia hii ina funzo. Zebaki imeondoka na silikoni imeingia, lakini wahandisi bado husema "vali", kwa kuwa jina hilo lilifuata kazi wala si kitu kilichotumika. Nasi twapendekeza "kigeuzi" kwa mtambo mzima, na "transfoma" iachwe mahali pake, kwani mafundi wameshaizoea.

Limebaki neno moja gumu. Wabunifu wa vigeuzi hutafuta mizani. Vigeuzi vya kwanza vya transista vilipoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kama joto. Kuziwasha vali mara chache hupunguza joto hilo, lakini huchafua umbo la mkondo na kudai vichujio vikubwa zaidi. Kupanga moduli nyingi kwa mfululizo kumeshusha upotevu hadi karibu asilimia 1 kwa kituo, bali vifaa vimeongezeka. Kuiita kazi hii "kuboresha" hakutoshi, maana kila fundi huboresha. Hapa hutafutwa kiwango ambacho ukikipita kwa upande wowote, unapata hasara. Twaonelea iitwe "kutafuta kadiri bora".

Walimu na watafsiri walio karibu na mitambo hii twawaomba watuandikie maneno wayasikiayo kwa mafundi, kabla istilahi hizi hazijapitishwa.