SAFU YA LUGHA: Wakili na msaidizi wa kisheria
Ngara na Biharamulo nimesikia msaidizi wa kisheria akiitwa “wakili wa kijiji”. Sivyo. Wakili, neno la Kiarabu, ni aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Neno hilo ni ndugu wa maneno “wakala” na “kuwakilisha”. Wakili husimama mahakamani kwa niaba yako. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hukueleza utaratibu na kukusaidia kuandika madai ya mirathi au shamba la migomba. Mbele ya hakimu unasema mwenyewe. Mjane anayedhani ana wakili hufika na karatasi ya wito mkononi, hajajiandaa kusema neno. Tafadhali, tusimwite wakili asiye wakili.