Mkono Mmoja Haulei Mwana: Habari za Nyumba za Watoto katika Marekani Wakati wa Vita

Wazee walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na kila aliyekulia kijijini aijua maana yake. Mama aendapo shambani au kisimani, mtoto hubaki na bibi, au na shangazi, au na dada yake mkubwa, wala hapana atakaye ujira. Lakini mama aliyehamia mji wa mbali kwa kutafuta kazi hana bibi mlangoni wala shangazi wa jirani. Naye amwachie nani mtoto wake? Na akimpata mlezi, ujira wa mlezi utoke wapi? Tutazame jinsi nchi moja kubwa ilivyoyajibu maswali hayo kwa muda wa miaka michache, kisha ikaliacha jibu lake.

Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi wa Desemba, 1941. Wanaume kwa mamilioni wakachukuliwa jeshini, na wakati uo huo zikatakiwa meli, ndege na mizinga kuliko wakati wowote uliotangulia. Basi wanawake wakaitwa viwandani, nao wakaja, wengi wao wakiwa na watoto wadogo. Miji ya viwanda ikajaa wageni waliotoka majimbo ya mbali, waliowaacha jamaa zao nyuma. Haukupita muda zikaanza kusikika habari za kuhuzunisha: watoto waliofungiwa nyumbani peke yao, na wengine waliofungiwa ndani ya motakaa nje ya kiwanda, mpaka mama atoke kazini.

Zilikuwapo tangu hapo nyumba za watoto zilizosaidiwa na serikali. Zilianzishwa mwaka wa 1933, wakati wa dhiki kuu ya kukosa kazi, ili walimu wasio na kazi wapate ujira na watoto wa maskini wapate chakula na malezi. Lakini kwa kuwa zilifunguliwa kwa maskini tu, watu wengi waliziona kuwa mahali pa mafukara, na mama mwenye mshahara aliona haya kumpeleka mwanawe huko.

Mwaka wa 1940 ilipitishwa sheria iliyoitwa kwa jina la Lanham, mjumbe wa Texas aliyeileta barazani. Makusudi yake ya kwanza yalikuwa kuipatia nyumba miji iliyojaa watu wa kazi za vita. Neno juu ya watoto halikuwamo. Hata mwaka wa 1942 serikali ikakubali kwamba fedha za sheria hiyo zaweza kulipia malezi pia. Mzigo ukagawanywa mafungu: serikali kuu ilichukua fungu lake, wenyeji wa mji wakachukua lao, na mzazi akachukua lake. Katika mwaka wa 1943 ikaamriwa kwamba mzazi asitozwe zaidi ya senti 50 za dola kwa mtoto mmoja kwa siku. Wala hakuulizwa kama ni tajiri au maskini. Kwa hiyo ile haya ya zamani ikapungua. Ilipofika Julai, 1944, nyumba 3,000 na zaidi zilikuwa zimefunguliwa, zikiwatunza watoto wapatao 130,000. Tangu mwanzo hata mwisho, watoto waliopita katika nyumba hizo walizidi nusu milioni.

Nyumba zilizosifiwa kuliko zote hazikutoka katika mfuko huo. Hizo zilijengwa penye viwanda vya meli vya Henry Kaiser, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Zilikuwa mbili, nazo zilifunguliwa mwezi wa Novemba, 1943. Hazikuwekwa mbali mjini, bali langoni pa kiwanda, ili mama ampitishe mtoto akiingia kazini, na kumchukua akitoka. Zilikuwa wazi usiku na mchana, kwa maana kazi ya meli ilifanywa kwa zamu tatu. Na katika mwaka mzima zilifungwa siku moja tu. Walipokewa watoto wa miezi 18 hata miaka 6. Walimu wao walikuwa wamesomea malezi, chini ya uongozi wa Lois Meek Stolz na James Hymes. Palikuwa na wauguzi na chumba cha watoto walioshikwa na maradhi madogo, ili mama asikose kazi kwa sababu ya mafua. Hata chakula cha jioni kiliweza kununuliwa hapo kikiwa kimekwisha kupikwa, mama akaenda nacho nyumbani.

Na bei yake? Dola 5 kwa juma kwa mtoto wa kwanza, na dola 3 na senti 75 kwa kila nduguye. Mchomeaji vyuma aliyefuzu alilipwa dola 1 na senti 20 kwa saa. Basi ulezi wa juma zima ulimgharimu ujira wa saa nne na kidogo. Tusidhani kwamba ulezi wenyewe ulikuwa rahisi kiasi hicho. Gharama ilizidi sana malipo ya wazazi, na salio lilihesabiwa katika gharama za kuunda meli, ambazo mlipaji wake alikuwa serikali. Watoto karibu 4,000 walilelewa katika nyumba hizo mbili.

Vita vilikwisha mwaka wa 1945. Mwezi wa Septemba nyumba za Kaiser zikafungwa, na serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba fedha za Lanham nazo zitakoma. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha zilitolewa kwa ajili ya vita, na vita havipo tena. Akina mama na warudi nyumbani. Lakini mjane aliyepoteza mume vitani arudi nyumbani kula nini? Na mke wa askari aliyerudi amelemaa? Barua, simu na hati zenye sahihi za maelfu zikamiminika serikalini, na muda ukaongezwa hata mwisho wa Februari, 1946. Baada ya hapo nyumba nyingi zilifungwa. Jimbo la California lilikataa kuziacha zife. Likatoa fedha zake lenyewe, mwaka hata mwaka, na mwaka wa 1957 likaufanya mpango huo kuwa wa daima.

Mwaka wa 1971 baraza la Marekani lilipitisha sheria ya kueneza malezi ya namna hiyo nchini kote, kila mzazi alipe kwa kadiri ya pato lake. Rais Richard Nixon aliikataa mwezi wa Desemba, akihofu kwamba ingewatoa watoto katika malezi ya jamaa. Lakini wale watoto wa wakati wa vita walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017, mchumi Chris Herbst aliyalinganisha majimbo yaliyopewa fedha nyingi za Lanham na yaliyopewa kidogo, akaona kwamba watoto wa yale ya kwanza walisoma zaidi na kupata kazi zaidi ukubwani.

Twajifunza nini? Ulezi mwema hauwi rahisi kwa kumpunja mlezi ujira wake, wala kwa kuwarundika watoto katika chumba kimoja. Katika Marekani ulikuwa rahisi kwa mzazi pale tu wengine walipokubali kuchukua fungu la mzigo. Nao walipouweka chini, mzigo haukupungua uzito. Ulirudi wote kichwani pa mama.