Kadi ya grafiki ikichemka Iringa: Kipoozeo kipya si dawa ya kwanza

NI rahisi kudhani kwamba kompyuta iliyoko Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, haiwezi kusumbuliwa na joto. Mji huo uko mita zipatazo 1,550 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai wakazi wake hutembea wamejifunika makoti mazito.

Hata hivyo, kadi ya grafiki inayotumika kuhariri video za harusi au kuandaa michoro ya majengo hufikia nyuzi 80 za Sentigredi na zaidi katika baridi hiyo hiyo, huku feni zake zikipiga kelele kama mashine ya kukoboa mahindi.

Sababu mojawapo ni ya kimaumbile. Kipoozeo cha feni hutegemea hewa kubeba joto, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Hewa ya Iringa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko ya usawa wa bahari, na ile ya Mbeya, mji ulio kwenye mita zipatazo 1,700, imepungua zaidi kidogo. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini hewa hiyo hubeba joto kidogo zaidi.

Kwa makadirio, kadi ambayo ikiwa Dar es Salaam huzidi joto la chumba kwa nyuzi 50, ikiwa Iringa italizidi kwa nyuzi kama 55. Chumba cha Iringa nacho huwa na baridi inayozidi ile ya Dar es Salaam kwa nyuzi nane hadi 10. Kwa hiyo nafuu ya hali ya hewa ipo, ila karibu nusu yake imekwisha kuliwa na wepesi wa hewa.

Adui mwingine, na pengine mkubwa zaidi, ni vumbi. Wakati wa kiangazi upepo hupeperusha udongo mwekundu kutoka barabara zisizo na lami, ukaingia madukani na majumbani. Ukichanganyika na moshi wa mkaa wenye mafuta, udongo huo hugeuka utando mzito unaoziba nafasi zilizo kati ya mapezi ya alumini, na kipoozeo kizima hukaa kama kimefunikwa blanketi.

Ndiyo maana swali la kununua kipoozeo kingine halipaswi kuwa la kwanza. Kipoozeo cha kubadilishia huagizwa Kariakoo au nje ya nchi, na kazi ya kukifunga inaweza kuiua kadi yenyewe. Kwa mwenye studio ndogo ya video, kadi hiyo ndiyo jembe lake.

Madhara ya joto huanza polepole. Chipu ikifika kiwango ilichopangiwa hujipunguzia kasi. Kwa kadi nyingi za GeForce za mfululizo wa 10, uliotoka mwaka 2016, kiwango hicho ni nyuzi 83. Kadi haizimiki, bali kazi iliyopaswa kukamilika kwa saa moja huchukua muda mrefu zaidi, na mwenye kompyuta huishia kuilaumu programu.

Baadaye huja uchovu wa risasi zinazounganisha chipu na ubao wake. Kinachozichosha zaidi ni kupanda na kushuka kwa joto mara kwa mara. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola za Marekani kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikiharibika kutokana na udhaifu wa aina hiyo.

Hatua ya mwanzo, basi, ni kupima. Programu za bure kama GPU-Z na HWiNFO huonyesha joto la chipu na kasi ya feni, na kwa baadhi ya kadi huonyesha pia joto la memori. Kompyuta ipewe kazi nzito kwa nusu saa ikiwa imefungwa kasha lake, kisha jaribio lirudiwe ubavu wa kasha ukiwa umefunguliwa.

Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi baada ya kufungua, kosa haliko kwenye kipoozeo cha kadi. Kasha ndilo linalokosa hewa, na feni moja ya kuingiza hewa kwa mbele itafanya kazi ambayo kipoozeo cha gharama kubwa kisingeiweza. Jambo hili huonekana sana kwenye kompyuta zilizotumika maofisini ughaibuni na kuuzwa tena nchini, kwa kuwa makasha yake membamba hayakusanifiwa kubeba kadi yenye joto.

Likibaki pale pale, hatua inayofuata ni usafi. Kadi itolewe na kupulizwa kwa blowa nje ya nyumba, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole. Feni iliyoachwa izunguke ovyo kwa nguvu ya blowa huharibika mhimili, na inaweza hata kuzalisha umeme unaorudi kwenye kadi.

Kadi yenye umri wa miaka mitatu au minne mara nyingi huwa na pesti iliyokauka kati ya chipu na bamba la kipoozeo. Kubadili pesti hiyo kunaweza kushusha joto kwa nyuzi tano hadi 15, kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na ya kipoozeo. Inafaa kuwaonya hasa walionunua kadi zilizotumika baada ya Septemba 2022, wakati sarafu ya Ethereum ilipoacha kutegemea kadi za grafiki na wachimbaji wake wakaziuza kwa wingi. Kadi za namna hiyo huenda zilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka, na pesti, pedi na feni zake zimechakaa hata kama sura ya nje inang'aa.

Ikiwa feni ndiyo iliyokufa, ibadilishwe feni peke yake. Nyuma ya kitovu chake huwa na karatasi yenye namba ya modeli na volti, kwa kawaida volti 12, na namba hiyo ndiyo ya kumpelekea muuzaji. Kupeleka jina la kadi pekee hakutoshi, kwani kadi za jina moja hutengenezwa na kampuni nyingi kwa feni tofauti.

Kuna pia njia ya kati ambayo mafundi wa mataifa mengi huitumia. Feni za kiwandani pamoja na ganda lake la plastiki huondolewa, mapezi ya asili hubakia, na juu yake hufungwa feni mbili za kasha za milimita 120 kwa mikanda midogo ya plastiki ya kufungia nyaya. Sura yake si ya kuvutia, lakini njia hii haigusi chipu wala pedi, na feni pana huzunguka taratibu bila makelele. Kwa kadi yenye mapezi makubwa yaliyo mazima, hiki ndicho chaguo bora kuliko vyote kwa thamani ya fedha.

Kipoozeo kamili cha kubadilishia kina historia yake. Mwaka 2003 Nvidia ilitoa kadi ya GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilikuwa na kelele kiasi cha kufananishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Katika miaka hiyo kampuni kama Arctic Cooling ya Uswisi na Zalman ya Korea Kusini zilijipatia jina kwa kuuza vipoozeo vya kimya. Baadaye watengenezaji wa kadi walianza kufunga vipoozeo vikubwa tangu kiwandani, na soko la vya kubadilishia likasinyaa. Anayekitafuta leo atakuta aina chache, na baadhi ni za mtumba.

Anayechagua aanze na rula. Kuzunguka chipu kuna matundu manne ya skrubu, na umbali kati ya tundu na tundu, ukipimwa kutoka katikati hadi katikati, ndio unaoamua kama kipoozeo kitakaa. Vipimo vinavyokutwa mara nyingi ni milimita 53.3 na 58.4, na kadi ndogo nyingi huwa na milimita 43. Kipoozeo kisichotaja kipimo cha kadi husika kisinunuliwe, hata kama muuzaji anaapa kwamba kinaingia zote.

Kipimo cha pili ni unene. Nafasi moja ya kadi kwenye mazabodi ni milimita 20.32. Kipoozeo kinachokula nafasi tatu huhitaji zaidi ya sentimita sita, na katika kasha jembamba hakifungiki kabisa.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba chipu kuu si kitu pekee kinachochemka. Memori na sehemu inayorekebisha umeme wa kadi nazo zinahitaji kupozwa, na kipoozeo cha kiwandani huzigusa kupitia pedi. Kipoozeo cha kubadilishia mara nyingi hugusa chipu tu, na sehemu nyingine huachiwa vipande vidogo vya alumini vya kubandika. Vipande hivyo visipobandikwa sawasawa, programu itaonyesha chipu ikiwa na nyuzi 60 za kufurahisha, wakati pembeni yake kijenzi cha umeme kinaungua.

Kazi ya kufunga ifanyike mezani, kwenye mwanga wa kutosha, umeme ukiwa umechomolewa. Kiangazi hewa ya Iringa huwa kavu na umeme tuli hujengeka upesi. Sweta ya sufu ivuliwe kwanza, na mikono iguse chuma cha kasha kabla ya kushika kadi. Picha za simu zipigwe kila hatua, maana skrubu za kadi hutofautiana urefu na ndefu ikiingizwa pasipo pake hutoboa ubao.

Kipoozeo cha zamani kisivutwe kwa nguvu. Pesti iliyokauka hushika kama gundi. Kadi iendeshwe dakika chache ipate uvuguvugu, izimwe, kisha kipoozeo kizungushwe kidogo kidogo kulia na kushoto hadi kiachie. Waya wa feni uchomolewe kwanza, kwani wengi huukata kwa pupa.

Chipu isafishwe kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa spiriti, ikiwezekana yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, na iachwe ikauke. Pesti mpya iwe ndogo kama punje ya njegere, au itandazwe nyembamba juu ya chipu yote. Unene wa pedi upimwe, kwa kuwa ile ya milimita 2 mahali pa milimita 1 hulinyanyua bamba likaacha kuigusa chipu.

Hatari kubwa iko kwenye kukaza. Chipu ya kadi ya grafiki haina kifuniko cha chuma kama ile ya prosesa, na kona zake ni za silikoni tupu. Skrubu zikazwe kwa mshazari, kila moja nusu mzunguko kwa zamu, hadi zigome kwa mkono mwepesi. Anayekaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine anaweza kuimega kona, na kadi iliyomegeka kona kwa kawaida haiponi.

Feni mpya zikichomekwa kwenye mazabodi, zitafuata joto la prosesa badala ya lile la kadi. Hivyo inafaa kutumia kiunganishi kinachozichomeka kwenye tundu dogo la kadi yenyewe, au kuzipangia kasi isiyobadilika. Jaribio la nusu saa lirudiwe, safari hii likiendelea kuangaliwa tangu dakika ya kwanza. Joto likiruka juu ya nyuzi 90 ndani ya sekunde chache, bamba halijagusa chipu na kompyuta izimwe mara moja.

Asiye na fedha wala ujasiri wa kufungua kadi anaweza kutumia programu ya MSI Afterburner kupunguza kiwango cha umeme hadi asilimia 80. Kwa kadi nyingi kasi hupungua kwa asilimia chache tu, ilhali joto na kelele hushuka kwa kiasi kinachoonekana.

Kipoozeo cha asili kihifadhiwe pamoja na skrubu zake, kwani mnunuzi wa baadaye atakiulizia. Nacho kizito kilichofungwa kisisafirishwe kikining'inia ndani ya kasha: kabla kompyuta haijapakiwa kwenye basi la Mbeya au Dar es Salaam, kadi itolewe, ivikwe mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na ibebwe mkononi.